Zamu ya Liyongo

Ukitazama filamu ya The Last Witch Hunter ya mwaka 2015, utamwona Vin Diesel, yule jamaa wa magari ya Fast and Furious, akisaka wachawi kwa upanga katikati ya jiji la New York. Mbegu ya mhusika yule haikupandwa studio. Ilikuwa ni mwindaji wachawi ambaye Diesel mwenyewe alimcheza kwa miaka, akiwa ameketi mezani na marafiki zake, karatasi na kalamu mbele yake, dadu mkononi. Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons. Kilipotoka kitabu cha kuadhimisha miaka 30 ya mchezo huo mwaka 2004, dibaji iliandikwa na yeye.

Wala hayuko peke yake. Joe Manganiello wa True Blood aligeuza chumba cha chini ya nyumba yake kuwa ukumbi wa kuchezea, na alialika mastaa wenzake kibao. Stephen Colbert, mtangazaji wa vipindi vya usiku, alianza akiwa kijana na hajawahi kuona aibu kusema. Waigizaji fulani wa sauti wa Marekani waliojiita Critical Role walianza kurusha mchezo wao mtandaoni mwaka 2015, watu wanane hivi wamekaa tu wanaongea. Mwaka 2023 walijaza Wembley Arena kule London. Watu walilipa kiingilio kutazama wenzao wamekaa mezani!

Sasa jaribu kueleza mchezo huu pale Garsen, kwenye kivuli ambapo wazee na vijana wanagombania drafti ya vifuniko vya soda. Swali la kwanza utakaloulizwa ni moja: mshindi anapatikanaje?

Na hapo ndipo penye utamu, maana hakuna mshindi. Mmoja wenu anakuwa msimulizi. Anasema: mmefika darajani, usiku, kuna kitu kinanguruma majini. Wengine kila mtu ana mhusika wake, na habari zake zimeandikwa kwenye karatasi: ana nguvu kiasi gani, ana akili kiasi gani, mkobani amebeba nini. Unasema unachotaka kufanya. Unarusha dadu ya pande 20, nayo inaamua kama umefaulu ama umeangukia majini. Kisha zamu inahamia kwa mwenzako. Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo huo mwaka 1974 walichapisha seti 1,000 tu. Miaka ya 1980 wazazi wengi Marekani waliuogopa, wakisema unaleta mashetani. Leo watoto waliokua na Stranger Things wanaujua hata kama hawajawahi kuushika.

Mimi nikisikia mastaa hawa wakihojiwa, kitu kinachonishika ni kile wanachokipenda. Mezani pale, ustaa haukusaidii. Dadu haijui una wafuasi milioni ngapi. Zamu ikifika kwa mwenzako, unanyamaza. Kwa saa tatu nne, mtu aliyezoea kufunguliwa milango anakaa chini kama wengine, chini ya kanuni zilezile, na kuwaamini wenzake. Hilo wazo, kwamba mtu mkubwa anaingia mchezoni na kukubali zamu, halikuanzia Marekani. Pwani yetu ina historia yake ndefu, na sura yake kali zaidi ilitokea hapa hapa, kwenye delta ya Tana.

*

Tuanze na meza. Julius Nyerere alikuwa mpenzi wa bao, na alikuwa akikaa kwenye bao na watu wa kawaida kijijini kwake Butiama. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mtu anayelijua vizuri huitwa fundi au bingwa, hata kama hana cheo kingine duniani. Raisi akikaa mbele ya fundi, fundi ndiye mkubwa. Abeid Karume wa Zanzibar naye alikuwa mtu wa bao. Jioni ya tarehe 7 Aprili 1972 alikuwa Kisiwandui, makao makuu ya chama cha ASP, akicheza bao na wenzake, watu wenye bunduki walipoingia na kumuua. Kumbuka picha hiyo: mtu mkubwa, amekaa, mikono iko kwenye mchezo. Tutaikuta tena.

Lakini bao halina wahusika. Kete ni kete. Ukitaka kuona Waswahili wakivaa nafasi za watu wengine kwa kanuni na mashindano, nenda kwenye beni.

Beni lilizuka kwenye miji ya Waswahili wa pwani ya Kenya miaka ya 1890. Jina lenyewe linatokana na bendi, zile za kijeshi za Wazungu. Watu waliunda vyama vya ngoma, wakashona yunifomu, wakagawana vyeo. Ungekuta mji mmoja una Kingi, una majenerali na makanali, wote wenyeji, wote na magwaride na kofia zao. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi. Upande wa Tanganyika kulikuwa na Marini na Arinoti. Vyama viliandamana, vikatupiana mafumbo kwa nyimbo, vikashindana kwa karamu hadi watu kuingia madeni. Wenye majina mjini ndio waliokuwa mbele, kwa sababu cheo cha beni kilitaka mtu mwenye uwezo wa kulisha watu. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokuja, askari na wapagazi walilibeba beni hadi bara, na maofisa wa kikoloni wakaanza kulitazama kwa wasiwasi. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeandika kitabu kizima kuhusu beni mwaka 1975, alionyesha kwamba hawa hawakuwa watu wanaoiga tu kama kasuku. Walikuwa wanashughulikia mambo yao halisi: nani mwenyeji, nani mgeni, nani ana heshima, mtaa upi uko juu.

Ngoma ikiisha, jenerali alivua koti akarudi kwenye duka lake ama mashua yake. Hapo ndipo uzima wa mchezo wa nafasi ulipo. Unavaa, kisha unavua.

*

Sasa twende Tana. Ukitoka Malindi, pale Minjila karibu na Garsen barabara inagawanyika: moja inapanda kuelekea Hola na Garissa, nyingine inaelekea Witu na Lamu. Mto unateremka kutoka nyanda za juu, unazunguka nyika, unafika hapa umechoka, unajitawanya kwenye mabwawa na mashamba, kisha unaingia baharini Kipini. Miti unayoiona sana kwenye tambarare ni mikoma. Watoto wanaguguna makoma yake, na makuti yake yanasukwa mikeka na vikapu. Weka mkoma akilini.

Nchi hii ya kati ya Ozi, Kipini na visiwa vya Pate ndiyo nchi ya Fumo Liyongo. Wataalamu hawakubaliani aliishi lini. Wengine wanamrudisha nyuma karne nyingi, wengine wanamsogeza karibu na karne ya 17. Lakini masimulizi yanamweka hapa, mji wake ni Shaka, na kuna watu wanaokuonyesha kwamba kaburi lake liko upande wa Kipini. Alikuwa jitu kwa kimo, mpiga mshale asiyekosa, na mshairi. Ustaa wa zamani ulikuwa hivyo: hukuweza kuwa shujaa bila kuweza kutunga.

Habari zake zilitangulia kuchapishwa na Edward Steere kwenye Swahili Tales ya mwaka 1870. Utenzi wake unaojulikana zaidi unatokana na Muhammad Kijumwa wa Lamu, kwenye muswada wa mwaka 1913. Kijumwa mwenyewe alikuwa staa wa aina yake: mshairi, mwandishi wa khati, mchonga milango, mtu wa ngoma. Yaani habari za mchezaji zilitufikia kupitia mchezaji mwingine.

Nasema mchezaji kwa makusudi. Soma hadithi ya Liyongo kwa macho ya mtu anayecheza michezo ya mezani, utaona imejengwa kwa michezo mitatu mfululizo.

Hata kabla ya michezo yenyewe, kuna mkoba. Wageni walikuja Pate kutoka bara, watu ambao utenzi unawaita Wagala. Hilo ni jina la zamani walilopewa na wengine na leo halipendezi. Ni watu wa jamii ya Oromo, ndugu wa Waorma tunaowajua Garsen. Waliposifiwa Liyongo walitaka kumwona. Alipofika alifungua mkoba wake, akaanza kutoa: kinu na mchi wake, mawe ya kusagia, vyungu vya kupikia. Vitu vikarundikana hadi kimo cha nyumba. Mchezaji yeyote wa Dungeons & Dragons atacheka hapo, maana kila kundi lina yule mtu mmoja aliyebeba kila kitu mkobani. Wale wageni walistaajabu, wakaomba awaolee binti yao ili wapate mbegu yake. Akaoa, akazaliwa mtoto wa kiume. Shujaa mkubwa wa delta aliacha damu yake pande zote mbili, kwa wakaao mjini na kwa wachungao nyikani. Hilo nalo liweke akilini.

*

Mchezo wa kwanza ni kikoa. Kikoa ni kula kwa zamu: leo unatoa wewe, kesho mimi, keshokutwa yule, mpaka mzunguko unakamilika. Chama chako cha WhatsApp kinachozungusha pesa kila mwezi ni mjukuu wa kikoa. Sultani wa Pate alikuwa amemwogopa Liyongo, akahofia ufalme wake, akawaahidi wawindaji wa msituni, Wasanye na Wadahalo, reale 100 wakimletea kichwa chake. Hawakuweza kumvamia. Wakaamua kucheza naye.

Walimwalika kwenye kikoa. Zamu zikazunguka, kila mtu akatoa chake. Mwishowe wakapendekeza kikoa cha makoma: kila mtu, zamu yake ikifika, anapanda mkoma na kuangusha makoma kwa wenzake. Mpango ulikuwa mwepesi. Siku Liyongo akiwa juu, mikono yote miwili imeshika mti, wote walio chini wanamfyatulia mishale.

Zamu yake ikafika. Liyongo hakupanda. Aliwauliza wanataka kole gani, wakamwonyesha, akavuta upinde akalidondosha kutoka pale pale chini. Chagueni jingine. Likadondoka. Wale watu walirudi kwa Sultani wakasema huyu hatumwezi.

Wengi husimulia kisa hiki kama ushahidi wa shabaha yake. Mimi naona ushahidi wa kitu kingine. Liyongo hakuvunja kanuni. Kanuni ilisema zamu yako ikifika, uangushe makoma, akaangusha. Waliovunja kanuni walikuwa wale wenzake, kabla hata ya mchezo kuanza, kwa sababu walishageuza zamu kuwa mtego.

Mchezo wa pili ni gungu. Hatimaye Liyongo alikamatwa, akafungwa kwa minyororo, akangojewa kuuawa. Kijakazi wa mama yake, Saada, alikuwa akimletea chakula, na walinzi walikuwa wanakila kizuri na kumwachia makombo. Liyongo alimpa Saada ujumbe kwa shairi la mafumbo: mama atengeneze mkate wa wishwa, na ndani yake afiche tupa. Mkate ulipofika walinzi waliutazama, wakaudharau, wakamtupia. Fumbo lilisikika masikioni mwa wote. Aliyelielewa ni mama peke yake.

Akaulizwa haja yake ya mwisho. Akaomba gungu, ngoma ya wakubwa, na matuazi na vigoma. Gungu ilikuwa ngoma ya arusi na heshima, ya mashairi ya mafumbo ambayo mwenzako lazima ayafumbue. Mtu wa kufa kesho akawa mwalimu wa ngoma, akawafundisha watu waimbeje na wapige vipi. Mji ukakusanyika. Kelele zilipopanda, yeye ndani alikuwa anakata chuma. Ngoma ilipofika kileleni, alisimama huru.

Hebu fikiria meza ile ya Critical Role pale Wembley, maelfu wanashangilia, na mmoja wa wachezaji anatumia mchezo kujikomboa kweli kweli, mbele ya macho ya kila mtu. Hiyo ndiyo gungu ya Liyongo.

Mchezo wa tatu hauna ngoma. Sultani alimtafuta yule mtoto aliyezaliwa bara, akamwahidi mke. Kijana alikwenda kwa baba yake akiwa amevaa nafasi ya mtoto mwema. Alimuuliza baba, ni kitu gani kinachoweza kukuua? Liyongo alielewa. Masimulizi yanakubaliana kwamba alijua, na bado alijibu: sindano ya shaba, kitovuni. Kwa nini alijibu? Kwenye kikoa alicheza na watu asiowajua, akawa macho. Na mtoto wake hakutaka kucheza. Kuna watu ambao ukianza kukaa nao kwa hila, umeshawapoteza tayari.

Kijana alimchoma akiwa usingizini. Liyongo aliamka, akachukua upinde, akatoka hadi kisimani, akapiga goti, akapachika mshale. Hapo akafa, akiwa amevuta upinde. Watu waliokuja kuteka maji walimwona wakakimbia. Siku zikapita. Mji mzima ukakosa maji, hakuna mtu aliyethubutu kusogea. Mama yake akaja kumbembeleza kwa maneno, akidhani ana hasira. Mpaka mwili ukaanguka wenyewe, ndipo wakajua. Na mke aliyeahidiwa, yule kijana hakumpata.

*

Nimekuwa nikirudia kisa cha kisima kila nikipita Garsen, kwa sababu ya mwaka 2012.

Delta hii inaishi kwa zamu, ingawa hatuiiti mchezo. Mto unafurika na kupungua. Wapokomo wanalima kingo zake, mpunga, mahindi, ndizi, maembe. Waorma na Wardei wanachunga nyikani, na kiangazi kikibana lazima ng'ombe washuke kunywa. Njia zinazowapitisha hadi mtoni zinaitwa malka. Malka ni makubaliano: wakati huu ni wangu, wakati ule ni wako, tupite hapa, msilime pale. Kama kikoa, inategemea kila mtu kuamini kwamba zamu yake itafika na hakuna aliyemshikia mshale chini ya mti.

Mwaka 2012 imani hiyo ilikatika. Sababu zilirundikana kama vitu vya mkoba wa Liyongo: ardhi isiyo na hati, mipango ya mashamba makubwa ya miwa iliyowatia hofu wakulima na wafugaji, njia za maji zilizozibwa, ng'ombe kwenye mashamba, uchaguzi wa 2013 uliokuwa unakaribia. Tarehe 22 Agosti watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa. Septemba ikawa Kilelengwani. Desemba ikawa Kipao. Kufikia mapema mwaka 2013 waliokufa walikuwa wamepita 100, wengi wakiwa wanawake na watoto. Watu waliokuwa wanunuzi na wauzaji sokoni, wanafunzi wa darasa moja, wachezaji wa timu moja, walibaki na nafasi moja tu kila mmoja: Mpokomo ama Morma. Na nafasi hiyo haikuvuliwa ngoma ilipoisha, maana haikuwa ngoma.

Hapo ndipo naona tofauti ya kweli. Kwenye meza ya Vin Diesel unaweza kuwa mwindaji leo na mchawi kesho, na ukimcheza adui yako kwa saa tatu unaanza kuona kwamba naye ana mto anaotaka kuufikia. Kwenye beni fundi seremala alikuwa jenerali, kisha akarudi kuwa seremala. Mchezo unakupa nafasi kwa mkopo. Chuki inakupa nafasi moja na kutupa ufunguo mtoni.

Sisemi kwamba dadu ingeokoa Riketa. Watu walikufa kwa ajili ya maji na ardhi, na maji na ardhi vinahitaji hati, mipaka, polisi wanaofika kwa wakati na viongozi wasiochochea. Lakini wazee wa pande zote mbili waliporudi kukaa chini ya miti kuzungumzia malka, walichokuwa wanajaribu kukijenga upya kilikuwa kile kile wawindaji walichokivunja chini ya mkoma: kwamba mtu anaweza kuingia kwenye zamu yake bila kutazama nyuma.

Wakati mwingine nawaza kijana mmoja wa Garsen, mwenye simu na bando kidogo, ataamua kuandika mchezo wake wa mezani. Hatahitaji mazimwi ya Ulaya. Ana mto wenye mamba, ana jitu lenye mkoba wa kinu na mchi, ana mama anayeoka mkate wenye tupa, ana mkoma na mishale. Karatasi za wahusika zitakuwa za mkulima, mchungaji, mvuvi wa Kipini, mwindaji wa Kisanye. Na kanuni ya kwanza, kabla hata ya dadu, nadhani ataiandika hivi: kila mchezaji lazima acheze mhusika asiye wa kwao.

Kisha mmoja ataanza kusimulia. Ni kiangazi. Mmefika kisimani. Kuna mtu amepiga goti, upinde umevutwa, na hamjui kama yu hai. Zamu ya nani?